Mtoto wa Mfungo Nne

Stara, nimetoka kwa daktari Mdachi bomani. Kasema mwanangu hatatembea.

Hatatembea, shoga. Aliyenitafsiria ni karani Bartolomayo, yule wa viatu vinavyolia.

Ati ana miezi minne na shingo haijakaza. Nikalia mbele ya askari.

Njiani nikagutuka. Miezi minne gani? Mimi nilimwambia karani mtoto ni wa Mfungo Nne, mwezi aliozaliwa. Ana siku arobaini na mbili tu.

Nikarudi kwa karani. Akaniuliza, "Mfungo ndio nini?"

Mfungo ndio nini. Kakaa nasi Waislamu miaka yote hii, hajui miezi yetu tunaihesabu tangu Ramadhani iishe.

Mwanangu atakaza shingo. Karani ameota ndevu, na utosi wake bado teketeke.