Uvimbe Nilioukuta Nikimwogesha Mtoto wa Wifi

Likombe, Mtwara

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya Njombe? Mimi huku natoka jasho tu, lakini jasho la raha. Festo akirudi kutoka bandarini huniita dirishani kabla hajagusa mlango, na miezi mitatu ya ndoa bado moyo unaruka nikisikia sauti ile.

Nina habari itakayokutisha kidogo, ila imeisha vizuri. Wifi yangu, dada yake Festo, alipata mtoto wa kike kwao Kitaya. Uchungu ulimwahi, akajifungulia nyumbani. Tulipokwenda kumwona, mama mkwe alinipa mtoto nimwogeshe, nijifunze. Nilipomgeuza nikaona uvimbe laini kama limau, juu kidogo ya makalio, mgongo unapoishia. Mama mkwe akaufunika kwa kanga upesi.

"Bibi harusi, wewe angalia maji. Hiyo tunaikanda, itanywea."

Kitovu kilikuwa hakijadondoka, na kwao kabla ya hapo mtoto hatolewi nje. Niliogopa kuitwa mjuaji, mke wa juzi tu. Hata hivyo nilimwambia Festo. Mama, hakuniuliza mara mbili. Alikaa mbele ya mama yake akasema taratibu, "Mke wangu ameona. Kesho tunakwenda mjini." Hapo nikajua nimeolewa.

Mama mkwe alinuna njia nzima, mjukuu kamfunika gubigubi. Hospitalini walimpiga picha ya ultrasaundi. Daktari akasema ni uvimbe wa nadra, huanza mtoto akiwa bado tumboni, wala si kosa la mama yake. Kwa mtoto mchanga mara nyingi si saratani, ila ukiachwa unaweza kugeuka. Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo kama kuukanda kungesaidia.

"Hapana, bibi. Ungeweza kupasuka, akavuja damu."



Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam, wakautoa pamoja na kifupa cha mkia, kile cha mwisho wa uti wa mgongo. Majibu ya maabara yametoka: si saratani. Ataendelea kupimwa damu kwa miaka michache, basi.

Sasa wifi, mtoto na mama mkwe wako hapa kwetu. Jana asubuhi nilimsogezea mama mkwe beseni la maji. Akalirudisha kwangu.

"Mwogeshe wewe, una macho."

Nisalimie baba, kaka aliyenisindikiza stendi, na shangazi aliyelia kwamba Mtwara ni mbali mno kuolewa. Mwambie nimefika.

Mwanao,
Edina, mke wa Festo (naipenda kuiandika)