Nilipojibu "Yupo" kwa Jina Lako

Mpendwa Baba,

Jumamosi waliita jina lako katika ukumbi wa mtaa, nami nikajibu, "Yupo." Sina mwingine wa kumweleza.

Ukumbi unaukumbuka. Ni ule ule wa mawe uliojengwa kabla ya uhuru, ambao wewe na wenzako wa kanjo, baraza la jiji, mlikuwa mkiipaka sakafu yake nta nyekundu hadi tukawa tunateleza. Kwenye harusi ya kina Mutua ulicheza nami humo nikiwa nimesimama juu ya viatu vyako, huku ukininong'oneza, "Hesabu hatua, usiangalie watu." Sasa utabomolewa pamoja na nyumba zetu hapa mtaani Jericho, yajengwe maghorofa. Mzee mmoja aliwauliza maafisa kama historia yetu haina maana kwao. Akajibiwa kwamba pale pataegeshwa magari.

Kisha karani akafungua orodha ya wapangaji. Walio na majina humo ndio watakaopewa nyumba mpya. Na yetu, Baba, bado imeandikwa jina lako. Wakaguzi wa kanjo walipokuwa wakibisha na kumuuliza mpangaji mwenyewe, niliwajibu ulivyonifundisha, kwa adabu na bila kuongeza neno: "Mzee yuko nyumbani." Wakadhani umeenda likizo kijijini kwenu, Magharibi. Sikuwa nimedanganya, maana ndiko tulikokuzika, kando ya Mama.

Ila "yupo" ni uongo mtupu. Ulinitoka kabla sijafikiri. Nyuma yangu nikamsikia Mama Mutua, jirani yetu wa ukuta mmoja, akimjibia mumewe vivyo hivyo, na baada yake wengine. Karibu nusu ya waliokuwa "wapo" siku hiyo nimekaa matanga yao.

Karani akatabasamu. "Vizuri. Basi Ijumaa waje wenyewe na vitambulisho. Tutawapiga picha, na kila mtu aweke kidole."

Tulipotoka, Mama Mutua alinishika mkono. "Sasa tutafanya aje? Hiyo kidole tutatoa wapi?"

Wakati mwingine tungecheka hadi tukae chini. Juzi hatukuweza.

Naogopa, Baba. Kiatu kikisikika uani nazima redio. Naogopa kushtakiwa, lakini zaidi naogopa kukosa mlango wa kufungua. Wewe ulisema daima kwamba hapa ni kazini tu, nyumbani ni kule. Mimi nilizaliwa humu. Huko kwenu sijui hata njia ya kwenda mtoni, na watoto wa binamu zangu hunisalimu kama mgeni.

Cheti chako cha kifo nimekitoa kwenye sanduku la Mama. Ijumaa nitakwenda nacho. Wakiita jina lako, nitasimama niseme kwamba ulikufa, na kwamba anayeishi humu ni mimi. Huenda wakanifuta papo hapo. Jana nilijaribu kuyasema maneno hayo jikoni, peke yangu. Miaka yote hii sijawahi kutamka kwamba umekufa, nami nikaishia kwenye jina lako.

Lala salama, Baba, na unisamehe kwa kukutoa kwenye orodha.

Kitinda mimba wako