Mgonjwa wa Ambato

Quito, 9 Februari 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na mguu umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila kazi imenielemea. Majalada ya ajali yamejaa ofisi yetu ya bima mpaka madirishani. Kwa hiyo usinitarajie Karnivali hii, nitakuwa mezani sikukuu zote. Najua umekwisha nunua unga wa mikate. Fungu langu wape majirani.

Mwanao, Efrén

Ambato, 16 Februari 1994

Mwanangu Efrén,

Marahaba. Mimi ni mzima na mguu umepoa. Nautaja uzima wangu kwanza kwa sababu Jumatatu nilikuwa mahututi.

Nilikuwa jikoni, unga mpaka viwikoni, nikasikia hodi. Wenzako wawili wa ofisini wamekuja kuangalia gwaride la maua, wakaona wasipite bila kumjulia hali mama yake Efrén, aliyepasuliwa mawe ya nyongo. Wamebeba kuku na kikapu cha zabibu. Watu wanatoa matunda Quito wanayaleta Ambato, mji wenyewe wa matunda.

"Mama, umepasuliwa juzi tu, unakanda unga?" akasema yule mnene, Bi Mariana. "Hebu kalale. Na huyo Efrén aliyeomba ruhusa ya kukuuguza yuko wapi?"

"Kaenda kuninunulia dawa."

Wakakungoja mpaka birika mbili za chai zikaisha. "Famasi gani hiyo, ya Kolombia?" akauliza mwenziwe.

Miaka yote nilikukanya uongo, na sasa nimeusema mimi, nimelala chali na viatu miguuni chini ya blanketi. Ofisini hukuwepo. Hapa hukuwepo. Ulikuwa wapi?

Mama yako

Quito, 23 Februari 1994

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikaona haya, nikacheka, kisha haya zikarudi. Nilikuwa Chimborazo. Uliponikataza kupanda milima niliacha kuitaja, lakini kupanda sikuacha.

Kutwa nasoma habari za maduka yaliyoteketea na magari yaliyoingia korongoni. Kazi siidharau, na siwezi kuiacha. Lakini nikikaa mwezi bila kukanyaga barafu nakuwa mkali, hata wateja nawajibu ovyo. Likizo yenyewe ni kiduchu. Ndipo nikakutia ugonjwa.

Nadhani Bwana Galarza, mkuu wetu, ameshajua. Jumatano ya Majivu niliingia kazini uso umeungua, macho yamezungukwa na duara mbili nyeupe za miwani ya theluji. Akanitazama. "Wodi za Ambato zina jua kali," akasema, akaenda zake. Na ndiye aliyenipendekeza niwe mkuu wa kitengo. Nikikiri, cheo kimekwenda, na pengine kazi nayo. Nisaidie, Mama. Akipiga simu, mwambie umepona.

Mwanao, Efrén

Ambato, 2 Machi 1994

Efrén,

Marahaba. Akipiga, sitamwambia lolote.

Mambo ya blanketi nimeshayasamehe. Kinachoniuma ni hiki. Jumapili ile ya Karnivali nilikuwa juu ya paa naanika nguo. Wingu limeufunika mlima tangu asubuhi. Nikasema, maskini, kama kuna watu kule leo. Kisha nikashuka kula.

Ofisini wanajua uko kando ya kitanda changu. Mimi najua uko ofisini. Ungetumbukia kwenye ufa wa barafu, nani angekutafuta? Wangekuja kukuulizia kwangu, na mimi ningewaelekeza Quito.

Mlima sikukatazi tena, maana kukukataza ndiko kulikokufunza kunificha. Nenda kwa Bwana Galarza ukamwambie kweli. Ukifukuzwa, chumba chako kipo. Mpaka hapo usiniandikie.

Mama yako

Quito, 12 Mei 1994

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Nilikuwa nikiingia kwa Bwana Galarza naishia kumwomba sahihi tu. Wiki iliyopita nilisema.

"Kwa hiyo mama yako hajapasuliwa?"

"Hajapasuliwa."

"Mke wangu anamwashia mishumaa tangu Februari."

Ukuu wa kitengo amepewa Bi Mariana, na inaniuma nikimwona mezani pale. Siku nilizoiba zimekatwa kwenye likizo. Kazi bado ninayo. "Ukitaka mlima, omba mlima," akaniambia. Basi nimeomba Jumatatu moja, na penye sababu nimeandika Chimborazo. Ametia sahihi.

Jumamosi ya tarehe 28 tunapanda, mimi na Nelson, mwenzangu wa kamba. Jumapili alasiri tutakuwa tumeshuka, nami nitakupigia simu kwenye duka la jirani. Usiku ukiingia sijapiga, waite waokoaji. Namba yao iko nyuma ya karatasi hii.

Mwanao, Efrén

Ambato, 17 Mei 1994

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeibandika ukutani jikoni, namba ikiwa upande wa mbele. Nelson naye msalimie, mwambie afunge kamba vizuri.

Naogopa, sikufichi, na nadhani nitaogopa mpaka nife. Ila safari hii naogopa nikijua nitazame wapi.

Simu usipige. Mkishuka, njooni huku Ambato niwaone kwa macho yangu. Mle, mlale, na Jumanne urudi kazini.

Mama yako