Kidole Kidogo cha Shangazi

Ruwais, Jeddah
Januari

Dada Mkamburi,

Wakesho amemng'ata shangazi Wawuda kidole sasa hivi, kile kidogo cha mkono wa kushoto, na damu imetoka. Najua kwa sababu nilikuwa kwenye simu. Nimesikia shangazi akipiga yowe, "Kidole changu kidogo, cha kushoto, damu!" nikasikia kofi, halafu nikamsikia mtoto wangu analia huku anaita, "Nimekata! Mama, toka! Nimeshakata, toka!" Kisha simu ikazimwa. Ukirudi kutoka sokoni utaambiwa mtoto ameota meno ya mbwa, na utaonyeshwa kitambaa chenye damu. Mimi nakuomba, kama bado hujachukua fimbo, usiichukue. Soma hii kwanza mpaka mwisho.

Hujambo lakini? Nisamehe nimeingia na kelele kabla ya kubisha hodi. Miguu yako imepungua kuvimba? Ile dawa ya kuchua uliyopewa na jirani inasaidia, au inanuka tu? Mimi mwili ninao, mashavu yamejaa kwa huu wali wao, sijaugua na sijapigwa na mtu. Lakini leo nina kichefuchefu ambacho hakitoki tumboni. Nimechukizwa, dada, mpaka chai nimeimwaga kwenye sinki.

Barua anakuletea Mama Shali, yule wa Voi anayefanya kazi ghorofa ya juu yetu. Mkataba wake umekwisha, anapanda ndege kesho. Simu mimi naachiwa mchana tu, madam akilala, na saa hiyo wewe uko sokoni na simu ya nyumbani iko kwa shangazi. Sasa nitamsema shangazi kwenye simu ambayo ameishika mwenyewe? Ndiyo maana nimechukua kalamu, na unajua mimi na kalamu hatukukaa pamoja sana.

Sikiliza ilivyokuwa. Tangu shangazi alipokuja Krismasi kukusaidia kumlea Wakesho, nilikuwa naambiwa mtoto amebadilika, anamaliza uji, analala mapema, hasumbui. Nikashukuru Mungu. Halafu siku moja Wakesho akaniuliza kwenye simu, "Mama, huko ndani kuna giza?" Nikadhani anauliza kile chumba ninacholala, maana ni stoo, haina dirisha. Nikamwambia, "Kuna giza kidogo, lakini nina mwanga wa simu." Akauliza, "Kuna watu wengine?" Nikasema yuko Mfilipino mmoja mpishi. "Mnakula nini humo?" Wali, nikamwambia, na kuku. Mimi nikacheka, nikasema mtoto wangu ana akili, anataka kujua mambo yote.

Kumbe nilikuwa namjibu kutoka tumboni.

Leo shangazi ndiye amenieleza, tena anacheka. "Si hadithi tu, Mghoi! Nimemwambia umemezwa na zimwi la Uarabuni. Akimaliza uji nakutoa mguu mmoja. Asipokojoa kitandani nakutoa wa pili. Akileta ujeuri nakurudisha ndani mzima."

Nikamuuliza, "Na jioni unanitoa, shangazi? Kabla hajalala?"

"Nikutoe mzima halafu kesho atanitii kwa nini? Wewe kaa humo humo, unanisaidia kazi."

Kabla sijasema neno akaongeza sauti ya simu, nikasikia nguo zinakwaruza, nikajua ameiingiza ndani ya leso, hapo tumboni. Akamwita Wakesho kwa sauti nzito. "Njoo umsikie mamako! Yuko humu, nimemmeza!" Na mimi mjinga, kwa hamu ya kumsikia mtoto, nikasema, "Wakesho, mwanangu, mama yuko hapa." Hapo ndipo alipong'ata.

Umeelewa sasa? Hakuna shetani wala meno ya mbwa. Alifanya kile ambacho nyanya alitufunza sote wawili, kwamba zimwi hukatwa kidole kidogo, na kila aliyemezwa hutoka. Na sisi tumemfunza yeye. Mtoto wa miaka minne hakuwa na kisu, alikuwa na meno. Alikuwa ananitoa, dada. Akapigwa kofi kwa kunitoa.

Unakumbuka nyanya alivyokuwa? Hadithi za zimwi hakuzifungua mpaka Julai, ukungu unaposhuka na nguo zinakaa kambani wiki nzima bila kukauka. Tunajibana jikoni wote, viazi vitamu viko kwenye majivu, na moshi unakutoa machozi hata kabla hadithi haijakutoa. Ungemwomba hadithi ya zimwi wakati wa jua angekufukuza na mwiko. Lakini kubwa zaidi, hakuna mtu aliyelala kabla waliomezwa hawajatoka. Ng'ombe kwanza, mbuzi, yule mzee kipofu na fimbo yake, mwanamke na mtoto mgongoni. Anawataja mmoja mmoja kama anawapokea kwenye stendi. Siku ile kikohozi kilimshika akasinzia katikati, wewe ndiye ulimtikisa bega unalia, "Nyanya, amka uwatoe watu!" Akaamka, akawatoa. Hakusema amechoka.

Na shangazi alikuwa pale. Alikuwa msichana mkubwa, anakula viazi kutuzidi. Anajua. Sasa ni Januari, jua la kuanika mahindi, mchana kweupe, anamwambia mtoto mama yako yuko tumboni na atabaki humo mpaka ukojoe vizuri. Inanitia kinyaa. Naandika neno hilo nikijua ni dada wa baba yetu.

Utasema nimekasirika kupita kiasi kwa sababu niko mbali. Wacha nikwambie jambo ambalo sikutaka kukwambia. Na mimi huku nimefanywa zimwi.

Ilikuwa kabla hatujaja Jeddah, tulipokuwa bado Riyadh, kwenye ile nyumba ya mtaa wa Al-Malqa. Baridi ya Riyadh haina ukungu kama yetu. Ni kavu, inapasua midomo na visigino, asubuhi maji ya bomba yanauma vidole kama siafu. Hawa watu baridi ikifika wanafurahi. Wanafunga mizigo, wanaenda jangwani kupiga hema, wanawasha moto, wanachemsha maziwa na tangawizi, na mama yake bosi, bibi mzee wanayemwita Jadda, anawasimulia watoto hadithi. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikaribia kulia, nikajiona niko jikoni kwetu.

Usidhani Jadda ni mtu wa kupendeza. Ana mkebe anaotemea makohozi, na mimi ndiye ninayeumwaga kila asubuhi huku nimeziba pua. Mpishi akipumzika nikipika mimi mchuzi anasema "mafi" chumvi, yaani hakuna, nikiongeza anasema nataka kumuua. Lakini akianza hadithi hata wanaume wanasogea. Wao wana zimwi la kike, Siluwa, nywele mpaka magotini na miguu ya punda, linatembea usiku wa baridi kutafuta watoto.

Basi usiku mmoja huko jangwani, Jadda akiwa katikati ya hadithi ya Siluwa, Lulu, mtoto wa madam, alikataa kulala. Ana miaka mitatu, mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, na analala kifuani kwangu. Dada yake madam, aliyekuja na sisi, akapata wazo. Akaniita nyuma ya hema, akachukua mkaa uliopoa, akanipaka uso mzima. Akaniambia nifungue mdomo, akanipaka meno. Mkaa una ladha ya chuma na vumbi, dada, na kidole chake kilikuwa kinanuka mafuta ya kondoo. Nikamwambia, "Madam, Lulu ataogopa."

"Si ndiyo maana yake? Yalla, ingia kwa magoti. Fanya sauti."

Nikaingia kwa magoti. Ningefanyaje? Wakubwa wakacheka mpaka wakashikana, simu ziko juu zinanipiga picha. Lulu alinitazama. Kama asingenijua ingekuwa afadhali. Alinijua kwa macho, nikaona ananijua, ndipo akapiga kelele na kutapika maziwa yote kwenye zulia. Na nani wa kupangusa? Mimi. Nimepiga magoti pale na mkaa usoni, napangusa matapishi, mtoto anazidi kulia kila nikisogea, na yule mwanamke anasema, "Tazama, Siluwa ana adabu, anasafisha!" Wakacheka tena.

Jadda akapiga mkebe wake kwa fimbo. "Halas!" Simu zikashushwa. Akaniita nikae mbele yake. Akachovya pembe ya mtandio wake kwenye maji ya kunywa, na maji yalipokuwa hayatoshi akatemea mate, ndiyo, yale yale ninayoyajua vizuri kuliko mtu yeyote, akaanza kunifuta. Nilifumba macho nisitapike na mimi. Lakini alinifuta polepole, kipaji kwanza, halafu pua, na kila akifuta mahali anamuuliza Lulu, "Nani huyu?" Anafuta shavu. "Nani huyu?" Mpaka akafika kwenye kidevu, ndipo mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Moyi." Ndivyo anavyoniita, jina Mghoi hawezi kulitamka. Hapo Jadda akarudi kwenye hadithi yake, akaimaliza, Siluwa akafa, watoto wakarudi kwao. Akamgeukia dada yake madam akamwambia maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila yule mwanamke hakula chakula cha usiku.

Hata hivyo Lulu hakula mkononi mwangu mpaka tulipofika huku. Tumekuja Jeddah kwa sababu kifua cha Jadda kilitaka joto la bahari. Hapa hakuna baridi ya kuitwa baridi, ingawa wenyewe wanavaa sweta. Sasa anakula, analala kwangu tena. Lakini nikivaa abaya nyeusi nitoke kutupa taka, anainama kwanza kuangalia miguu yangu. Kila mara. Namwonyesha vidole vyote, anahakikisha si punda, ndipo ananiruhusu nipite. Huyo ni mtoto anayeniona kila siku. Je, Wakesho ambaye ananisikia tu?

Kwa hiyo nakuomba mambo haya. Mwambie shangazi kwa adabu, lakini mwambie, mbele ya shemeji ili asije akasema hakusikia. Akisema na sisi tulilelewa hivyo, mwambie hapana, sisi tulitolewa kila usiku. Uji wa mtoto utamalizwa kwa sukari au kwa kubembelezwa, na asipoumaliza basi uliobaki wapewe kuku. Na akikojoa, nguo zake mimi nitakuja kuzifua. Nitakuja kweli, dada. Mkataba wangu unaisha mwaka huu, na madam ameshasema hatanizuia. Nimeshaona hata gauni nitakalovaa siku ya kushuka, la kijani, ili mtoto anione kwa mbali. Nina tumaini kubwa kuliko huu mwandiko wangu.

Wasalimie wote kabla sijasahau, maana nikiitwa sitamaliza. Mjomba Mwakio aliyenibebea sanduku mpaka stendi, mwambie bado namkumbuka na lile koti lake. Shemeji, mumeo, mwambie asante kwa kumbeba Wakesho mabegani kwenda kanisani, mtoto mwenyewe ameniambia. Mama mlezi wa kwaya mwambie ninaimba nikiosha vyombo, kwa sauti ya chini. Na shangazi pia msalimie, kidole kipone. Sina chuki naye, nina kinyaa na hadithi yake tu. Mimi ni mdogo wako anayekupenda, Mghoi.

Sasa hii ni ya Wakesho. Msomee jioni, washa moto hata kama kuna joto, mpakate. Najua si Julai. Nyanya atatusamehe, kwa sababu hatuifungui hadithi, tunaifunga.

Wakesho mwanangu. Lile zimwi la Uarabuni lilikuwa limelala kwenye mchanga, tumbo kama mlima wa Vuria. Akatokea msichana mdogo anaitwa Wakesho, hana mkuki, hana panga. Akatembea mpaka kwenye mkono wa zimwi, akakishika kile kidole kidogo, akakikata. Zimwi likasema, "Aii!" kama shangazi. Halikuweza kumpiga, kwa sababu nguvu zake zote zilikuwa kwenye kidole. Wakatoka ng'ombe, wanapepesa macho kwa jua. Wakatoka mbuzi na ndama. Akatoka mzee kipofu, anauliza fimbo yangu iko wapi, Wakesho akampa. Akatoka Mfilipino mpishi na sufuria yake ya wali. Akatoka Mama Shali wa Voi anaburuta sanduku, analalamika gurudumu limevunjika. Wakesho akawa anahesabu anatazama, mama yake hayumo. Akachungulia ndani, akaita, "Mama!" Mama akajibu, "Nimekusikia, nakuja, nilikuwa natafuta kiatu." Kwanza ukatoka mkono, Wakesho akaushika. Ulikuwa na joto. Akavuta, na

Dada, naitwa, Lulu ameamka na madam yuko mlangoni, Mama Shali atachukua karatasi hivi hivi. Malizia wewe. Nitoe mzima, kichwa na miguu yote miwili, unilete mpaka pale kitandani kwake, na hata akisinzia mwamshe, usimwache alale mimi nikiwa bado