Mjane Mwenye Uso wa Baba

Mpendwa Dada Ledis,

Pokea salamu zangu nyingi na za heshima. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Riohacha, na kwamba goti lako limepoa na shemeji ameacha kubishana na redio. Mimi ni mzima. Baridi ya huku milimani inanilaza na soksi kama ajuza, lakini nakula, nasoma, na kila asubuhi najitazama kwenye kioo, jambo ambalo sikuwa nikilifanya.

Umeniuliza kama mjane yule wa kwenye picha ya gazeti, anayemlilia Joselito, yule marehemu wa mchezo tunayemzika kila Jumanne ya mwisho ya kanivali, kuliko wenzake wote, ni mimi. Unasema picha ilikukalisha chini kwa sababu mjane ana uso wa Baba. Ndiyo, ni mimi. Waoga wa gazetini wanaoandika kwamba nimekimbia, waache waandike. Kweli nimekimbia, tena kwa viatu vya kike, na bado kila neno nililosema redioni kuhusu mkandarasi wa mifereji ya mvua ni kweli. Aliyekula saruji ya mifereji ndiye aliyezamisha mtaa wa chini, na nitalisema hilo hata nikiwa nimevaa gauni.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungekuja. Wiki ya kanivali ililetwa kadi ya rambirambi nyumbani kwangu Barranquilla, yenye msalaba wa dhahabu na jina langu mahali pa marehemu. Nikahamia kwa Rosemberg Altahona, unamkumbuka, yule mwenye kundi la wajane wa Joselito, wanaume watupu ndani ya magauni meusi. Haikusaidia. Jumapili kijana mwenye pikipiki akaegesha kwenye kona ya nyumba yake, akakaa pale kama mtu anayesubiri mkate uive. Alikuwa anatafuta ndevu zangu, Dada. Mji mzima ulinijua kwa ndevu, nami nilizipenda kama bendera.

Rosemberg akasema njia ni moja. Jumanne wajane wangetoka nyumbani kwake na jeneza, nami nitoke katikati yao, hadi barabara kuu ambako lori la barafu la binamu yake lingeningoja. Lakini mjane mwenye ndevu kila mtu humvuta shela acheke naye. Kwa hiyo ndevu zitoke, na uso usiwe na jeraha, maana damu ikipenya poda watu watakodoa macho.

Dukani hatukuthubutu kutuma mtu, na kinyozi tusingemleta. Nilichokuwa nacho ni mashine ya kunyolea ya Baba, ile nzito ya chuma inayobana wembe kati ya vibao viwili, ambayo nimeibeba kila nilikohama bila kuitumia. Tukapunguza ndevu kwa mkasi, nikajipaka povu, nikakandamiza. Damu ikatoka chini ya taya kama bomba limepasuka. Rosemberg akanibandika jiwe la shabu kukata damu, nikauma taulo nisipige kelele, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na pikipiki ilikuwa chini yake.

“Unanyoa au unaandika makala?” akaninong'oneza. “Acha kushambulia, mzee. Huo ni uso wako.”

Akanionyesha. Unalaza kichwa cha mashine bapa juu ya shavu, mpini umesimama mbali na uso, na hapo wembe haukati kitu. Kisha unashusha mpini taratibu sana, huku ukisikiliza, mpaka usikie unywele wa kwanza unakatika, mlio mdogo kama mchanga kwenye karatasi. Hapo hapo unatulia. Ukishusha zaidi, wembe unakwangua ngozi. Ukiinua, unateleza bure. Mkono haukandamizi, uzito wa chuma unatosha. Na taya linapopinda, kifundo cha mkono nacho kinapinda, kwa sababu pembe iliyofaa shavuni haifai kidevuni. Mimi niliyebishana na maaskofu na maprofesa nilishindwa na kidevu changu. Kwenye koo ilibidi niketi. Nje ngoma zilikuwa zimeanza, na mara moja, kati ya mapigo, nilimsikia yule kijana akikohoa.

Nilipomaliza, Rosemberg hakucheka. Alisema tu, “Eliécer,” jina la Baba, akageuka kutafuta poda.

Hilo hatukuwa tumeliwaza. Tulificha uso wangu, wa Alcides Pertuz mwenye ndevu, tukatoa hadharani uso ambao wazee wote wa mtaa wanaujua.

Tulitoka tukilia. Tulimpita kijana karibu kiasi cha kunusa petroli yake. Hatua chache mbele upepo wa Machi ukainua shela yangu, na mama mmoja aliyesimama ukingoni, mtu mzima aliyemjua Baba vizuri, akaduwaa na kusema kwa sauti, “Yesu wangu, mtoto wa Eliécer.”

Kijana akageuza kichwa. Nikasikia pikipiki inawashwa.

Yule mama aliona nilichokiona. Akanirukia shingoni, akaanza kumwomboleza Joselito kwa mayowe, mlevi wangu, mume wangu, umeniachia nani, watu wakashangilia, na mpiga picha akapiga ile picha. Sikioni aliniambia, “Lia. Inamisha uso, wala usimtazame wa pikipiki.” Nikalia, Dada, na yale machozi hayakuwa ya kuigiza. Pikipiki ilitufuata polepole. Kila iliposogea upande, yule mama naye alisogea upande huo huo, mgongo wake kati yangu na kijana, mpaka kwenye lori.

Nikaanza kumshukuru, unanijua, kwa maneno mengi. Akanikatiza.

“Sikukuokoa wewe. Yule ni mwanangu. Nimemwokoa yeye.”

Akageuka, akaenda kwa miguu kumwendea mwanawe kwenye pikipiki.

Nimetaja majina ya mameya na majenerali, na sijawahi kujuta. Jina la kijana huyo ninalo, na wenzangu wa redio wananisihi niwape, wanasema ndilo litakalotufikisha kwa aliyemtuma. Wana hoja nzuri. Ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Sitawapa. Mkandarasi nitamfikia kwa njia ya mifereji yake.

Basi, ichukue tena ile picha. Mama aliyenikumbatia anaonekana mgongo tu. Ukimtambua kwa mgongo, nawe utamtambua, usimwambie shemeji wala usiniandikie jina lake. Ukienda Barranquilla, mpelekee samaki mzuri, useme ni salamu za familia ya Eliécer. Hatauliza.

Nisalimie watoto, na uombe pamoja nami kwa ajili ya nyumba ya mama yule na mwanawe kuliko kwa ajili yangu. Ndevu sizifugi tena.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Alcides