Chupa Zilizojaa Mpaka Mdomoni

Jumamosi. Tabora, mwisho wa kiangazi. Joto limekaa juu ya bati kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima, na mvua inatishia tu upande wa mashariki kisha inarudi zake. Nimeoga mara mbili na vumbi la Igalula bado limo masikioni.

Nina hasira. Lakini si ile niliyoondoka nayo asubuhi, ndiyo maana naandika.

Kwa aliyefika kwenye ukurasa huu leo: mimi ni mchambuzi wa biashara kwenye kampuni ya kufungasha asali hapa mjini. Kazi hii sikusomeshwa na mtu. Niliuza mitumba mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, kwa miaka, nikawa natazama nani anashika nguo akaiacha, na kwa nini. Baadaye jioni nikajifunza kwenye simu majina ya Kizungu ya vitu nilivyokuwa nikivifanya siku zote. Kazi yenyewe ni kuuliza nani ana shida, sasa hivi anaimalizaje, na tukibadilisha mambo nani ataumia. Hayo mengine ni michoro.

Alhamisi, mchoro wangu ulionyeshwa ukutani na mtu mwingine.

Wazo la asali ya stesheni ni langu. Kinamama wa Igalula na Tura huwauzia abiria wa treni asali kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Abiria wanaitamani, ila wengi wanaogopa usafi wa chupa. Sisi tuna mashine za kuchuja, chupa mpya na alama ya ubora. Wao wana wateja wanaoning'inia madirishani. Nikapendekeza tuwape chupa zetu ndogo wauze kwa kamisheni, na kampuni iutenge mradi huo uwe biashara ndogo ndani ya biashara kubwa, wenye hesabu zake na msimamizi wake. Sikuandika kwamba msimamizi ni mimi. Nilidhani itaeleweka tu.

Bwana Fidelis, meneja wetu mpya wa masoko, akasimama mbele ya Mzee Hemedi, mwenye kampuni, akaeleza yote kwa "mimi nimeona" na "mimi nafikiri". Hata kitreni nilichokichora kwa mkono, chenye mabehewa yaliyopinda, alikiacha vilevile. Mzee akampigia makofi. Mimi nikanywa maji.

Kitu kimoja alikibadilisha. Ripoti yangu ilisema chupa ionyeshe kilichomo, lebo iwe ndogo, na shingoni ibaki nafasi ya vidole viwili. Yeye akaona nafasi ile itafanana na wizi. Akaamuru zijazwe mpaka mdomoni, na lebo izunguke chupa nzima.

Mtu wa Tabora akifika hapa ameshaanza kucheka. Wengine niwaeleze: huku hakuna anayenunua asali bila kuigeuza chupa kichwa chini. Kiputo cha hewa kikipanda taratibu, kwa maringo, asali ni nzito. Kikikimbia, imechakachuliwa kwa maji. Sasa kwenye chupa isiyo na hewa kitapanda nini? Na hata kingepanda, kwenye lebo ile nani angekiona?

Leo tulikwenda kujaribu Igalula, mimi na Bwana Fidelis, kwa pikapu ya kampuni.

Na hapa kuna kosa ambalo siwezi kumsukumia yeye. Mimi ndiye niliyewaomba kinamama waache asali yao nyumbani, wauze ya kwetu peke yake, ili jaribio liwe safi. Kitaalamu nilikuwa sahihi. Lakini treni haisimami pale kila siku, na niliwanyang'anya Jumamosi yao ili takwimu zangu zipendeze.

Mama Sada, kiongozi wao, alitupokea kwa "mwangaluka" ya Kinyamwezi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaigeuza chupa. Akaitazama. Akaigeuza tena.

"Mwanangu, hii imefariki?"

Treni ilikuwa inaingia.

Mabeseni yakapanda kichwani, kinamama wakatawanyika chini ya madirisha. Nikawa natembea nyuma yao nikisikiliza.

"Mama, mbona haichezi?"

"Imejaa, baba."

"Imejaa nini? Gundi?"

Behewa zima likacheka. Dirisha la pili kijana mmoja akapiga kelele, "Mvueni shati kwanza tumwone!" Bibi mmoja akaigeuza, akaitikisa, akaisikiliza kama anayempigia mtu simu, akairudisha. Tulibeba chupa arobaini. Tulipofika mwisho wa mabehewa zilikuwa zimetoka tatu.

Bahati ikatuonea huruma. Treni ilizuiwa ipishe ya mizigo. Mama Sada akaja moja kwa moja kwangu, jasho likimtiririka.

"Sisi tulikuitikia wewe. Huyu bwana hatumjui. Sasa nani anajibu?"

Bwana Fidelis alikuwa hatua moja kutoka kwangu, viatu vyake vyeusi vimekuwa vyekundu. Nilikuwa na sentensi tayari tangu Alhamisi, nimeipiga pasi na kuikunja. Ingemkata vizuri.

Nikayatazama mabeseni. Hakuna chupa hata moja ambayo sentensi yangu ingeiuza.

"Tunajibu sisi, mama," nikasema. "Leteni bakuli."

Tukakaa chini tukavua zile lebo, tukamimina vidole viwili kutoka kila chupa, tukafunga tena. Bwana Fidelis alipiga magoti na suruali yake ya ofisini, akang'oa lebo kwa kucha na kwa meno.

"Taratibu, shemeji, utatumalizia na karatasi!" wakamtania. Akacheka mdomo ukiwa na gundi. Ile asali ya kwenye bakuli ikapita madirishani watu waonje kwa vijiti.

Treni ilipoondoka zilikuwa zimebaki kama kumi.

Siwezi kuuita huu ushindi. Tulivunja mihuri ya vifuniko, na muhuri ndio uliokuwa unatutofautisha na chupa za maji. Tena watu walinunua wakiwa wamecheka, na anayecheka huwa mwepesi kutoa. Jaribio inabidi lirudiwe kwa chupa iliyopunguzwa kiwandani. Nimeshajifunza kutoyapenda majibu yanayonipendelea.

Njiani kurudi Bwana Fidelis akasema bila kunitazama, "Dada Zuhura, wazo ni lako. Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi huu na sina cha kuonyesha. Nimeshahamisha familia nzima."

"Ungeniomba ningekupa nusu."

"Ndiyo maana sikuomba. Nilihitaji lote."

Nikacheka bila kupenda. Ameahidi kumweleza Mzee Jumatatu. Labda atamweleza. Mtu mwenye watoto shuleni na ajira inayoning'inia nikimtazama namwelewa, kwa sababu nami nimewahi kuogopa hivyohivyo. Ila kumwelewa ni safu moja ya jedwali na kumsamehe ni nyingine, na ile ya pili bado haijajazwa.

Wakati wa kuagana Mama Sada alinishika mkono akanivuta pembeni. "Ukianza ya kwako, sisi tuko."

Sijui kama alijua amenipa nini. Tangu saa hiyo napiga hesabu. Nikitoka, ninao wauzaji na ninaijua biashara, lakini sina mashine, sina alama ya ubora, na kuvipata si kazi ya msimu mmoja. Nikibaki, vyote vipo isipokuwa jina langu. Na kama nitaondoka kwa kishindo nikamwachia Mzee aufute mradi, watakaoumia ni wale walioacha asali yao nyumbani kwa sababu niliwaomba.

Kwa hiyo Jumatatu siendi kulalamika. Naenda na masharti. Mradi usimamiwe na mimi, kwa maandishi. Kinamama wafidiwe siku ya leo na kamisheni yao isiguswe. Bwana Fidelis abaki, anajua kuongea na maduka ya Dar kuliko mimi, na sasa anajua kubandua lebo.

Mzee akikubali, nitabaki kuwa mfanyakazi wake. Akikataa, natoka, na atakuwa amenipa kazi ya kutafuta mashine ya mtumba, na kinamama wataendelea na chupa zao mpaka niipate.

Jumamosi ijayo nitakuwa Igalula vyovyote itakavyokuwa. Mzee ana jambo moja tu la kuamua: nauli yangu itatoka mfukoni mwa nani.