Viraka Chini ya Sakafu ya Boti

Jumatatu, 3 Machi

Boti imefika karakanani leo juu ya trela, ikilalamika kwenye kila tuta. Nahodha mwenye boti alilalamika zaidi. Anasema zamani ilibeba abiria kumi na wawili ikachapa mwendo, sasa ikibeba wanane inaburuta makalio. Injini mpya amefunga — wapi! Baba akasema labda abiria ndio walionenepa. Nahodha hakucheka.

Nikatoboa tundu kwa drili upande wa nyuma, chini kabisa. Maji! Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu ikabidi niache yatiririke, nikaenda kunywa chai. Kwa hiyo ni sponji lililo chini ya sakafu, lile la kuisaidia boti ielee. Limelowa lote.

Boti hii aliiunda Baba miaka kumi na miwili iliyopita. Sakafu ni bamba la alumini, ameichomelea kingo zote, hakuna hata skrubu. "Hapo hata pumzi haipiti," ndivyo alivyokuwa akijisifu. Nimemwambia ndiyo maana maji nayo yameshindwa kutoka! Akajifanya hasikii. Baba ana masikio yanayojua wakati wa kuziba.

Jumanne, 4 Machi

Sakafu ya kuchomelewa haifunguliwi, inakatwa. Msumeno wa umeme, nimeurekebisha uzame milimita nne tu, nisije nikazikata mbavu za boti zilizokingama chini yake. Baba kanisimamia mchana kutwa. Polepole. Si hivyo. Haya, hivyo hivyo. Alistaafu mwaka jana — kwa maneno. Mwisho wa mwezi huu ananikabidhi karakana rasmi: funguo, wateja, na, naogopa, yeye mwenyewe na kiti chake.

Saa kumi bamba la kwanza likatoka. Harufu! Mama alifungua dirisha la jikoni akauliza nani amekufa. Sponji lilikuwa la manjano, sasa lina rangi ya chai, na ukilikamua linatoa maji kama nguo. Baba akang'oa bonge la sponji kando ya ubavu, akaingiza kichwa na tochi. Akakaa humo muda mrefu. Akatoka, akasema kosa ni lake, alisahau kuacha matundu ya kupitishia maji kwenye mbavu.

Baba! Kakubali kosa! Mtu ambaye akizidisha chumvi kwenye mchuzi, mwenye makosa ni chumvi! Nimemtania mpaka jioni. Nimemwambia tarehe hii lazima niiandike, na ndiyo hii nimeiandika.

Jumatano, 5 Machi

Kukwangua. Sepetu, magoti, viroba ishirini na tatu. Mgongo huu si wangu tena.

Nahodha alipita asubuhi. Baba akamwambia yale yale: kosa langu, nitalirekebisha. Nahodha si mtu wa kulala na neno. Kabla ya adhuhuri gati zima lilishajua kwamba boti za yule mzee zinakunywa maji. Na ziko sita nyingine kule majini, zote za mkono wake. Wenye boti wawili wamepiga simu. Mmoja anataka kujua kama atazama. Mwingine ameshasema yake ataipeleka kwa fundi mwingine. Baba alikuwa anajibu tu, sawa bwana, sawa, asante. Alipoweka simu akachukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Leo sikumtania.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa napiga brashi ya waya kwenye ubavu wa nne. Chini kabisa, katikati, nikaona kiraka cha duara kilichochomelewa, ukubwa wa kizibo cha soda. Nikasafisha wa tatu. Kipo. Wa pili, kipo. Mbavu zote! Kwa hiyo matundu yalikuwepo. Baba hakusahau kitu. Kuna mtu aliyaziba.

Kuchomelea kuna mwandiko wake. Mawimbi ya mshono wa Baba yanalala kushoto, maana anatumia mkono wa kulia. Haya yamelala kulia, na kila kiraka kimeishia na kidimbwi, kile kishimo cha mshono ulioachiwa haraka, nilichogombezwa mwaka wangu wote wa kwanza. Mtu wa mkono wa kushoto humu karakanani ni mmoja tu. Ni mimi.

Nikakumbuka yote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikwenda mazishini siku mbili, akaniachia kazi ya kuziba matundu mawili tuliyoyatoboa vibaya kwa nyuma. Nikayaziba. Nikaona na mengine kwenye mbavu, nikadhani nayo ni makosa, nikayaziba pia! Nilijiona hodari kweli. Aliporudi alikuta sponji nimeshalipanga. Akafunga sakafu juu yake bila kukagua. Aliniamini.

Na juzi aliviona viraka kwa tochi yake. Alijua ni mimi, akasema ni yeye, nami nikamcheka mpaka jioni. Nimeona aibu. Nimelia humo humo ndani ya boti, kichwa chini, huku nasugua ili nionekane nafanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkabili. Baba, zile mbavu. Mbavu zipi? Mbavu za boti, Baba. Akasema za kwake ndizo zinazomuuma kwa kunisikiliza.

Nikasema namwambia Nahodha. Hapo akaacha mzaha. Akasema yeye anaondoka, mimi ndiyo naanza. Yeye wakimsema, watamsema akiwa kwenye kiti chake anakunywa chai. Mimi wakinisema, nani ataniletea boti? Nikamuuliza, na zile sita? Akasema hizo alizifunga kwa mkono wake, matundu yapo. Nikasema, basi kwa nini watu waziogope bure? Yale masikio yakaziba.

Mama alikuwa anaanika nguo pale mlangoni. Akasema tunafanana mpaka tunachosha.

Matundu nimeyafungua upya yote. Viraka vimetoka vizima, nimeviweka kwenye kopo. Nimemwaga maji mbele, yakatokea nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Nahodha amekuja kutazama kabla sijafunga. Salamu hazijaisha nikamwambia kila kitu. Nikammwagia viraka mkononi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga! Akamgeukia Baba: mzee, hongera, umelea. Siku hizi utampata wapi mtoto wa kubeba kosa la mzazi wake mbele ya watu?

Na Baba — bila haya hata kidogo — akaitikia: Mungu kanijalia.

Nikasema siyo hivyo! Kadiri ninavyobisha ndivyo Nahodha anavyonisifu. Atakwenda kulisimulia gatini, anasema.

Basi nikamwambia asiondoke. Nitachomelea kipande mbele yake, kwa mkono huu wa kushoto, akilinganishe na viraka. Nikavaa kofia ya kukinga uso, nikashika bunduki ya kuchomelea, nikabonyeza. Kimya. Nikageuka. Baba amechomoa plagi ukutani, ameiweka kwenye kiti, ameikalia.

Nikamwomba. Akasema jina ni lake, kalijenga miaka arobaini, atalitumia anavyotaka na kwa amtakaye.

Sasa ni saa nne na nusu. Naandika haya nimekaa juu ya ndoo, kofia nimeifunua. Nahodha ana kiraka mkononi, anakigeuza geuza, anamtazama Baba, ananitazama mimi. Hasifu tena. Mama ameleta kiti kingine akakiweka karibu na cha Baba, akaniuliza kama nakaa. Nimesema sikai, nataka plagi.

Ni ile plagi kubwa, ya pini tatu. Najua zinamchoma. Hasogei.